Tairi Kubwa kwa Pikapu: Hesabu ya Kufanywa Kabla ya Kufika Dukani

Wenye pikapu katika Kaunti Ndogo ya Lugari wanashauriwa kusoma maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi kabla ya kununua rimu mpya au tairi kubwa kuliko zile ambazo gari lilikuja nazo. Maandishi hayo ni mafupi, lakini ndiyo yanayoonyesha iwapo gari litafikisha mahindi salama hadi barabara kuu ya Eldoret–Webuye, au litapasukiwa na tairi njiani likiwa limebeba magunia na wapakuaji.

Hamu ya tairi kubwa inaeleweka. Njia nyingi zinazounganisha Lumakanda na Mautuma, Chekalini na Chevaywa ni za changarawe na udongo. Mvua zinapoanza Machi au Aprili, matrekta na malori huchimba mikondo miwili mirefu na kuacha tuta katikati, na pikapu ya kawaida hukwaruzwa tumbo hapo au hukwama kabisa. Mwenye gari akienda Turbo, Eldoret au Kakamega huona pikapu iliyoinuliwa, rimu nyeusi na tairi zenye meno makubwa, akasema moyoni kwamba dawa ya matope ni hiyo.

Wakati mwingine ndiyo dawa. Wakati mwingine ni gharama inayolifanya gari libebe mzigo mdogo kuliko zamani, na mwenyewe asijue mpaka siku ya mavuno.

Nambari za ubavuni

Pikapu nyingi za kazi, zile za kebini moja, huvaa tairi za saizi kama 225/70R15C. Nambari 225 ni upana wa tairi kwa milimita. Nambari 70 ni kimo cha ubavu, lakini si kwa milimita: ni asilimia 70 ya ule upana, yaani milimita 157.5. R ni aina ya ufumaji wa nyuzi za ndani, ambayo siku hizi ndiyo ya kawaida. Nambari 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4. Herufi C huonyesha kwamba tairi imeundwa kwa gari la mzigo.

Ukitaka kipenyo cha tairi nzima, unajumlisha rimu na mbavu mbili, ya juu na ya chini. Rimu ya inchi 15 ni milimita 381. Mbavu mbili ni milimita 315. Jumla ni milimita 696. Hesabu hii inaweza kufanywa kwa simu yoyote yenye kikokotoo, hata ile ya kitufe, na ndiyo msingi wa kila kitu kinachofuata.

Baada ya saizi huja maandishi mengine ambayo wanunuzi wengi huyapita: kwa mfano 112/110R. Nambari 112 ni ya uzito. Haimaanishi kilo 112. Ni nambari ya jedwali la kimataifa, na katika jedwali hilo 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja. Nambari 110, ambayo ni kilo 1,060, hutumika pale tairi zinapofungwa mbilimbili upande mmoja kama kwenye lori. Herufi ya mwisho ni ya spidi: Q ni kilomita 160 kwa saa, R ni 170, S ni 180. Kwa barabara za Lugari herufi hiyo haina uzito sana. Nambari ya uzito ndiyo ya kuchunguzwa.

Tairi kubwa inayobeba kidogo

Wengi hudhani kwamba tairi ikiwa kubwa basi ina nguvu zaidi. Sivyo. Tairi ya saizi ya 31x10.50R15, ambayo hupendwa sana kwa sura yake ya kibabe, mara nyingi huandikwa 109. Hiyo ni kilo 1,030, pungufu ya kilo 90 kwa kila tairi ikilinganishwa na ile ndogo ya 112 iliyotolewa. Tairi ya 235/75R15 inapatikana kwa viwango tofauti: ipo yenye 109, na ipo yenye 104, ambayo ni kilo 900 tu. Zote mbili zinaweza kupangwa kwenye rafu moja, na bei ya chini mara nyingi ndiyo inayomshawishi mnunuzi.

Tuseme pikapu ikiwa tupu, ekseli yake ya nyuma hubeba kilo 650. Mwenye gari anapakia magunia 10 ya mahindi ya kilo 90 kila moja. Hizo ni kilo 900, na kwa kuwa sanduku la pikapu limekaa juu ya ekseli ya nyuma, karibu uzito wote huishia huko. Ekseli sasa ina kilo 1,550. Vijana watatu wa kupakua wanapanda juu ya magunia, kila mmoja kilo 70. Jumla ni kilo 1,760.

Kwa tairi mbili za 112 uwezo ni kilo 2,240, na gari lina nafasi ya kupumua. Kwa tairi mbili za 104 uwezo ni kilo 1,800. Kilichobaki ni kilo 40, chini ya nusu gunia. Na hapo barabara imechukuliwa kuwa tambarare kama meza. Gurudumu moja likishuka kwenye mkondo wa maji, uzito huinamia upande huo, na tairi ya upande huo hubeba zaidi ya nusu.

Kuna jambo jingine ambalo jedwali halisemi waziwazi. Kilo hizo hupatikana tu tairi ikiwa na presha kamili iliyokusudiwa. Presha ikipungua, uwezo nao hupungua, ubavu hujikunja kila gurudumu linapozunguka, na kujikunja huko huzalisha joto. Joto ndilo linaloachanisha mpira na nyuzi zake. Ndiyo maana tairi nyingi hupasuka gari likiwa limeshapanda lami na kushika kasi, dereva akiwa ameshasahau ule mwendo wa polepole wa kilomita 15 za changarawe.

Wapakuaji kukaa juu ya magunia ni hatari, tairi iwe ya aina gani. Hesabu hapo juu imewahesabu kwa sababu ndivyo mambo yalivyo msimu wa mavuno, na tairi haiwezi kutofautisha kilo za mtu na kilo za mahindi.

Kanuni kwa mwenye pikapu ya kazi ni kwamba nambari ya uzito ya tairi mpya isiwe chini ya ile iliyokuja na gari. Mwuzaji akisema tairi hiyo "ni nzito tu, itabeba", aombwe aonyeshe nambari.

Gari huinuka kiasi gani?

Baada ya uzito ndipo lije swali la kimo. Kipenyo cha 235/75R15 ni milimita 733.5. Ukitoa 696 ya tairi ya kwanza, tofauti ni milimita 37.5. Lakini tumbo la gari haliinuki kwa kiasi hicho, kwa sababu nusu ya ongezeko iko juu ya ekseli na nusu iko chini. Gari huinuka takriban milimita 19, unene wa kidole gumba hivi. Kwa tairi ya inchi 31, yenye kipenyo cha milimita 787, gari huinuka takriban milimita 46.

Milimita 19 si nyingi, na mtu anaweza kuuliza kama zina maana yoyote. Zina maana mahali pamoja: chini ya difu. Pikapu nyingi zina ekseli ngumu nyuma, ambayo imeungana na magurudumu moja kwa moja. Fundi akiongeza springi au vipande vya kuinua gari, sanduku na kebini hupanda, lakini difu hubaki palepale ilipokuwa, ikisubiri lile tuta la katikati. Kinachoweza kuinua difu ni tairi peke yake. Kwa hiyo mtu aliyetumia fedha nyingi kuinua gari kwa springi, akaacha tairi zilezile, amenunua sura zaidi kuliko nafasi.

Kwa matumizi ya Lumakanda, saizi moja juu ya ile ya kiwandani inatosha karibu kila mtu. Anayehitaji zaidi ya hapo huwa anapita mahali ambapo barabara yenyewe ndiyo inayohitaji kutengenezwa. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti jukumu la barabara za kaunti, na mwananchi ana njia ya kulifikisha jambo hilo kwa msimamizi wa wadi yake.

Spidomita inayodanganya

Tairi kubwa huzunguka mara chache kwa kila kilomita. Spidomita na kihesabu cha kilomita havina habari ya mabadiliko hayo. Vinaendelea kuhesabu mizunguko kana kwamba tairi ni ileile. Kwa tairi ya 235/75R15 iliyochukua nafasi ya 225/70R15, mshale ukisoma 50 gari linaweza kuwa linakwenda karibu 53. Kwa tairi ya inchi 31, mshale huohuo wa 50 ni karibu 57, na wa 80 ni zaidi ya 90. Ni kweli kwamba spidomita nyingi hutoka kiwandani zikisoma juu kidogo, hivyo sehemu ya kosa hilo hufidiwa, lakini si lote. Sheria ya Trafiki imeweka kilomita 50 kwa saa ndani ya miji na vituo vya biashara, na kamera ya polisi haipimi kwa mshale wa dereva.

Kihesabu nacho huonyesha kilomita 100 wakati gari limekwenda 113. Baadhi ya wenye magari hulalamika kwamba tangu wabadilishe tairi gari "linakunywa" mafuta kupita kiasi. Ni kweli kwamba tairi nzito yenye meno makubwa huongeza matumizi, ila sehemu ya malalamiko hayo ni hesabu tu: kilomita zimehesabiwa pungufu. Servisi pia huchelewa kwa njia hiyohiyo, kwani oili iliyopaswa kubadilishwa baada ya kilomita 5,000 huwa imeshakwenda zaidi ya 5,600.

Nguvu ya injini nayo hupungua inapofika ardhini. Tairi ya inchi 31 badala ya ile ya milimita 696 hupunguza nguvu ya kuvuta kwa karibu asilimia 12, gia ikiwa ileile. Gari tupu halitasikia sana. Gari lenye magunia 10 kwenye mwinuko litasikia, na dereva atalazimika kuicheza klachi ili liondoke. Breki hupata adhabu hiyohiyo kwa upande mwingine: diski na ngoma ni zilezile, ila sasa zinasimamisha gurudumu refu na zito zaidi. Dereva ataona kwamba anahitaji nafasi kubwa kusimama, hasa kwenye mteremko.

Rimu: si matundu ya nati pekee

Kosa la kawaida wakati wa kununua rimu, hasa zilizotumika, ni kuhesabu matundu ya nati na kuridhika. "Ni nati sita, itaingia." Pikapu nyingi nchini zina nati sita, na kila moja ina mambo yake.

La kwanza ni duara ambalo nati zimepangwa juu yake. Toyota Hilux ya magurudumu manne ya kuendesha, Isuzu D-Max ambayo huunganishwa Nairobi, Ford Ranger na Mitsubishi L200 zina duara la milimita 139.7. Nissan Navara ina nati sita pia, lakini kwa duara la milimita 114.3, na rimu yake haiwezi kuingia kwenye hizo nyingine. Baadhi ya Hilux zinazoendeshwa kwa magurudumu mawili tu zina nati tano.

La pili ni tundu la katikati, mahali ambapo rimu hukaa juu ya habu. Hapa ndipo magari yenye duara moja la nati hutofautiana. Tundu la Hilux ni takriban milimita 106, la D-Max ni 100, la Ranger ni 93, la L200 ni 67. Rimu ya Ranger haipiti kwenye habu ya Hilux, kwa sababu habu ni nene kuliko tundu, na wapo wanaopeleka rimu kama hizo kuchongwa upya ili ziingie. Kinyume chake ni kibaya zaidi, kwa kuwa kinaonekana kama kimefaulu: rimu ya Hilux huingia kwenye Ranger bila taabu, ikiacha pengo kuzunguka habu. Isipowekwa pete ya kujaza pengo hilo, ni vigumu kuiweka rimu katikati barabara. Dereva husikia mtikisiko kwenye usukani, akalaumu balansi.

La tatu ni ofseti, nambari ambayo kwa kawaida hupigwa muhuri nyuma ya rimu kwa herufi ET na milimita. Inaonyesha sehemu inayobana kwenye habu iko umbali gani kutoka mstari wa katikati ya rimu. Nambari ikiwa kubwa, gurudumu huingia ndani ya madigadi. Ikishuka kuelekea sifuri au chini ya sifuri, gurudumu hutokeza nje. Hilux hutoka kiwandani ikiwa na takriban +30, Ranger +55. Ile rimu ya Hilux iliyowekwa kwenye Ranger itatokeza nje milimita 25 zaidi kila upande.

Rimu nyingi za fasheni huwa na ofseti ya sifuri au -12, kwa sababu gurudumu lililotokeza hupendeza machoni. Gharama yake hulipwa na beringi, ambazo sasa hubeba uzito mbali na mahali zilipoundwa kuubebea, na na usukani, ambao huwa mzito na kuvuta upande kila gurudumu moja linapopiga jiwe. Matope nayo hurushwa juu ya milango, na juu ya mwenda kwa miguu aliyepishwa kando ya barabara. Spesa, vile vipande vya chuma vinavyowekwa kati ya habu na rimu, hufanya jambo hilohilo kwa bei nafuu. Spesa duni inayotegemea bolti ndefu pekee haifai kwa gari la mzigo.

Upana wa rimu na upana wa tairi lazima vikubaliane. Tairi ya 225/70R15 hukubali rimu ya inchi 6 hadi 7.5. Tairi ya 31x10.50R15 inahitaji angalau inchi 7. Pikapu iliyokuja na rimu za chuma za inchi 6 haifai kuvishwa tairi hiyo hata kama fundi ataiingiza kwa nguvu. Tairi itafura katikati, itaisha meno katikati, na itayumba kwenye kona.

Nyembamba au pana?

Kuhusu matope, maoni ya mafundi hutofautiana, na yote yana ukweli kulingana na ardhi. Juu ya mchanga au theluji, ambako hakuna sehemu ngumu karibu chini, tairi pana husaidia gari kuelea. Nchini Iceland wenye magari huvalisha tairi pana mno na kupunguza presha hadi karibu hakuna, ili gari lipite juu ya theluji bila kuzama. Ni kampuni ya huko, Arctic Trucks, iliyotayarisha Hilux iliyofika kwenye ncha ya sumaku ya kaskazini mwaka 2007.

Lugari si Iceland. Katika njia nyingi za hapa, matope ni tabaka laini juu ya changarawe au udongo uliokazwa na magari kwa miaka. Tairi nyembamba na ndefu hukata tabaka hilo na kugusa ugumu ulio chini. Tairi pana huelea juu ya utelezi, na gari huanza kuogelea kuelekea mtaroni. Kwa hali hiyo, 235/75R15 yenye meno ya wastani ni chaguo bora kuliko 31x10.50R15, ingawa haina sura ya kutisha.

Meno pia yana daraja. Tairi za matope zenye vipande vikubwa vilivyoachana hujisafisha vizuri, lakini hunguruma kwenye lami, huisha haraka, na hushika vibaya lami ikiwa na maji. Gari linalolala Lumakanda na kushinda kwenye barabara kuu kati ya Turbo na Webuye halihitaji tairi hizo. Zile za kati, zinazouzwa kama za ardhi zote, zinatosha.

Wapo pia wanaochukua mfano kutoka Rhino Charge, mashindano yanayofanyika nchini tangu 1989 kuchangisha fedha za uhifadhi. Magari yale huonekana yakipanda majabali kwa tairi kubwa ajabu. Yanashindana kwa saa 10 kufikia vituo 13 kwa umbali mfupi kabisa, yakiwa na mafundi nyuma yao, na wengi huyaleta juu ya malori. Hakuna hata moja linalopimwa kwa magunia.

Chuma, aloi na tairi kuukuu

Rimu ya chuma ikipinda, fundi wa jua kali huinyoosha kwa nyundo na kazi ikaendelea. Rimu ya aloi ikipigwa sana hupasuka, na nyufa zake huweza kufichwa na rangi. Kwa pikapu ya kazi, chuma bado ni chaguo la busara. Anayependa aloi aitafute yenye alama ya JWL-T, ambayo ni ya kiwango cha Japani kwa magari ya mzigo, badala ya JWL pekee ambayo ni ya magari madogo, na aangalie uzito uliopigwa muhuri. Nati pia hubadilika: za rimu ya chuma huwa na ncha ya mteremko, huku aloi nyingi za Toyota zikihitaji nati zenye washa bapa. Nati isiyolingana na kiti chake hulegea.

Tangu Sameer Africa ilipofunga kiwanda chake cha tairi Nairobi mwaka 2016, mnunuzi hukutana na majina mengi ya kigeni asiyoyajua. Jina linaweza kuwa geni, ila tarehe husomeka kwa njia moja duniani kote. Mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT kuna tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inayong'aa kwa kupakwa rangi nyeusi inaweza kuwa imekaa stoo miaka minane, na mpira huzeeka hata usipotumika. Vidole vipitishwe ndani ya mifereji ya meno na kwenye ubavu kutafuta nyufa ndogondogo.

Tairi iliyochongwa meno kwa kisu cha moto isinunuliwe kwa gari hili. Kuchonga kunaruhusiwa tu kwa tairi iliyoandikwa ubavuni kuwa inaweza kuchongwa, na hizo kwa kawaida ni za malori makubwa, zilizoundwa na mpira wa ziada chini ya meno. Kwenye tairi ya pikapu kisu hukata kile kidogo kilichobaki juu ya nyuzi.

Baada ya kufunga

Gari lenye tairi mpya ligeuzwe usukani hadi mwisho kushoto na kulia likiwa na mzigo, si tupu, ili ionekane kama tairi inagusa madigadi, fremu au waya za breki. Kwa gari la magurudumu manne ya kuendesha, tairi zote nne ziwe za kipenyo kimoja. Mbele 235 na nyuma 225 humaanisha ekseli mbili zinazotaka kwenda kwa kasi tofauti, na gia za katikati hukamatana na kuvunjika. Spea nayo iwe ya saizi hiyo, la sivyo pancha moja itamrudisha dereva kwenye shida hiyohiyo.

Nati zikazwe kwa mpangilio wa nyota, kisha zirudiwe baada ya kilomita 50 hadi 100. Fundi wengi hulijua hili. Wateja wachache ndio wanaorudi.

Presha ipimwe asubuhi tairi zikiwa baridi. Kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva huonyesha presha ya gari tupu na ya gari lenye mzigo kwa tairi za kiwandani. Kwa saizi nyingine, mwuzaji atoe jedwali la mtengenezaji. Dereva aliyekwama akiwa bila mzigo anaweza kupunguza kutoka, tuseme, 36 hadi 24 ili tairi ishike, aende polepole, na ajaze tena kabla ya kupanda lami. Pampu ndogo inayotumia betri ya gari ni ununuzi wenye faida kubwa kuliko rimu yoyote ya fasheni.

Kuhusu sheria, pikapu ya kibiashara hupelekwa ukaguzi wa NTSA kila mwaka, na tairi ni miongoni mwa vitu vinavyoangaliwa. Magurudumu yasitokeze nje ya madigadi. Kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi kuhusu saizi mpya kabla ya gari kurudi barabarani, na nakala ya barua hiyo ihifadhiwe pamoja na risiti ya tairi, kwa sababu baada ya ajali mkadiriaji wa bima huanza kwa kuangalia yale yale maandishi ya ubavuni.